Mzee Nzunda Alipoufunga Mkono Wangu Mzima

Ndugu zangu, mimi ni Mama Baraka, fundi cherehani wa mji wa Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia. Kabla ya kuugua nilishona sare za shule na vitenge vya wateja kutoka Zambia, asubuhi mpaka jua linazama. Presha sikuwahi kupima.

Siku moja nakata kitambaa, mkasi ukanidondoka. Nikainama kuuokota, nikaanguka. Mdomo ulipinda, mate yakanitoka, nikajikojolea mbele ya mteja. Hospitalini daktari alimwambia mume wangu, "Ni kiharusi. Upande wa kulia umepooza."

Baada ya miezi kadhaa nilitembea kwa kuchechemea, lakini mkono wa kulia ulining'inia, vidole vikicheza kidogo tu. Mzee Nzunda, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinifundisha kupika na kuoga kwa mkono wa kushoto.

"Mama, huu wa kulia usiutese," alisema. "Nimeifanya kazi hii miaka mingi. Kinachorudi hurudi mapema."

Nililia. Fundi wa mkono mmoja atashona nini?

Mwenzake mpya kazini, dada Rehema, akamletea mzee karatasi za utafiti: wagonjwa walifungwa mkono mzima, wakalazimika kutumia ule uliopooza, nao ukapata nguvu. Nilikuwepo. Mzee alikasirika.

"Kumfunga mgonjwa mkono ni kumdhalilisha! Kazi yetu ni kumpunguzia mateso."

Aliamini hivyo kwa moyo wote. Lakini zile karatasi alikwenda nazo nyumbani.

Wiki iliyofuata alikuja na glavu nene ya kitambaa. "Mama Baraka, nimesoma mara tatu. Nilikuwa natafuta kosa, sikuliona. Tujaribu? Ukishindwa tunaacha."

Kwa wiki mbili mkono wa kushoto ulishinda ndani ya glavu. Nilimwaga chai, nikaangusha ugali, nikamtukana mzee wa watu. Naye alikaa nami tu, tukiokota maharage, moja moja. Siku ya tisa nilifikisha kijiko mdomoni kwa mkono wa kulia. Mzee aligeukia ukutani akafuta macho, kisha akawaita wenzake.

"Nilikosea," aliwaambia mbele yangu. "Wapo niliowaambia wasahau mikono yao. Nitawatafuta."

Na kweli aliwafuata kwa pikipiki, mpaka vijiji vya mbali kama Isansa.

Leo nashona, ingawa mkono huchoka mapema. Namshukuru Mungu, na dada Rehema. Pimeni presha. Mdomo ukipinda, kimbieni hospitali. Na mtaalamu akikwambia, "Hili sikulijua, ngoja nikasome," usimdharau. Mimi nimepona kwa sababu mzee mmoja alikubali kusoma jambo lililomuuma.