Nusu ya Shati Sokoni Rutshuru

Nilikwenda Rutshuru kwa sababu ya wivu, na sioni haya kuandika hivyo. Papa Anselme, anayetembeza sabuni ya tajiri mmoja wa hapa Goma kutoka soko hadi soko, alitangaza kwamba wakati wa konje kubwa, ile likizo ndefu ya masomo, atachukua mwanafunzi mmoja mpaka Butembo, amfundishe kuuza. Mmoja tu! Na darasa zima lilikwisha kusema ni Kasereka. Kasereka ninakaa naye benchi moja. Ni mpole hata mwalimu husahau kwamba yupo. Miye ndiye ninayewachekesha wote. Padri mwenyewe amecheka mara mbili, akijificha nyuma ya kitabu. Sasa niambieni, nani anafaa kuuza? Nikamsumbua Papa Anselme mpaka akasema, "Bon, mukuje wote wawili siku ya Ijumaa. Soko litachagua."

Saa kumi na mbili asubuhi, Goma. Kasereka alinitangulia kufika, akakalishwa mbele ya gari la sabuni, katikati ya dereva na muzee Anselme. Miye nikapewa kiti cha enzi juu ya makasha. Kila gurudumu lilipopanda jiwe jeusi la volkano, makasha yalinipiga mahali mwalimu anapopenda kuchapa. Kwa kioo cha nyuma niliona midomo yao: Kasereka anauliza, muzee anajibu, Kasereka anauliza tena. Kumbe bubu huyu ana ulimi!

Rumangabo tulisimama, dereva akatia maji kwenye injini. Nikamvuta Kasereka pembeni.

"Munasema nini huko ndani?"

"Mambo ya sabuni. Muulize muzee, anapenda kuulizwa."

"Miye najua tayari," nikamjibu. Sikujua hata kidogo, lakini ningekufa kabla ya kumuuliza mtu kitu ambacho Kasereka alikwisha kukijua.

Saa nne, Rutshuru. Soko lilifurika: wachungaji na vibuyu vya maziwa, wamama na maharagwe yao. Papa Anselme akaweka beseni la maji chini. "Deo, anza weye."

Nikapanda juu ya kasha. Niliiga ng'ombe anayekataa kuoga, nikaiga bwana harusi mwenye kola chafu. Watu walikimbia kuja, mama mmoja akatua kikapu ili acheke vizuri. Nikaomba shati la mchungaji mmoja, nikalifua lote, kola, kwapa, mgongo, nikalikamua na kumrudishia likimeta. "Mungu akubariki, kijana!" akasema, akaenda zake. Watu wakapiga makofi, nao wakaenda zao. Niliuza vipande viwili vya sabuni, kimoja kwa dereva wetu, aliyenionea huruma.

Ikafika zamu ya Kasereka. Hakupanda popote. Alimwendea mzee mmoja wa maneno mengi.

"Papa, hii doa ni ya nini?"

"Ya mawese. Muke wa kwangu amenigombeza mpaka amechoka."

Kasereka akaomba shati, akafua upande wa kushoto peke yake, akaliinua juu. Nusu nyeupe, nusu rangi ya barabara.

"Weye! Na upande mwingine?" mzee akapiga kelele.

"Ule ni wa kwako, papa."

Soko likapasuka kwa kicheko, kikubwa kuliko changu chote, kwa maneno matano tu! Mzee akanunua sabuni palepale, maana angepitaje njiani hivyo? Wamama wakasukumana, kila mmoja akifikiri nguo yake iliyomshinda. Jua halijafika utosini, makasha matatu yalikuwa matupu. Miye niliyahesabu mara mbili, nikitumaini nimekosea.

Saa nane, tukaanza kurudi. Kabla sijapanda nikamwambia Papa Anselme, "Muzee, Kasereka amedanganya. Hakumaliza kazi."

"Ni miye nimemufundisha, asubuhi, njiani," akasema. "Na miye nilifundishwa na muzee mumoja wa Bukavu. Nilimubebea beseni siku nyingi kabla ya kunipa shati ya kwanza. Deo, weye unajua kuita batu. Ile haifundishwi. Lakini unabashibisha bure, banaenda. Kwa nini haukuuliza?"

Nikamwambia, "Basi nifundishe na miye."

"Nafasi ya Butembo ni ya Kasereka. Weye, atakufundisha yeye."

Heri angenichapa. Njia nzima mpaka Goma nilitafuta kosa la Kasereka, nikapata moja tu: alikuwa na mwalimu, na miye nilikuwa na mdomo.

Jumapili, baada ya misa, nikaenda kwao Kasereka. Nilikuwa nimeandaa matusi matatu, iwapo atanicheka. Hakunicheka, nikabaki na matusi yangu. Alileta beseni, akaketi.

"Fundisho la kwanza," akasema. "Uniulize, kisha unyamaze mpaka nimalize kujibu."

Nikauliza. Nikanyamaza. Ninyi mnaonijua mtasema huu ni uongo. Basi muulizeni mama yake, aliyetoka jikoni mara mbili kunishika kipaji cha uso, akidhani nina homa.