Sherehe ya Njano ya Mwezi wa Tano

Mimi ni mwoga, wala sijawahi kulificha jambo hilo. Wengine woga waliupata mwaka ule tuliokimbia. Mimi nilizaliwa nao, na vita vilipofika viliukuta umeshakomaa. Ndiyo maana binti yangu aliposema kwamba akitimiza miaka minne anataka sherehe ambayo kila kitu ni cha njano, furaha haikuwa ya kwanza kunijia. Niliutazama ua wetu nikahesabu: watu wangapi, watakaa wapi, na wakihitaji kukimbia watatokea upande gani.

Sherehe yenyewe aliiona kwenye simu. Mdogo wangu anaishi mjini Pemba, huku huku Msumbiji, na alikuwa ametutumia video ya nyumba iliyopambwa kwa rangi moja tu, kuanzia kitambaa cha meza hadi vinywaji. Mtoto aliitazama mpaka simu ikazima. Nikajaribu kumwambia mume wangu kwamba haya ni mambo ya watu wa mjini. Akanicheka. Akasema mbona sisi tunayo siku zote, tunaiita sare. Hapo alinishika pabaya, maana ni kweli. Hapa Mute hakuna harusi ambayo wanawake hawajakata kapulana za aina moja, vile vitenge vyetu, na asiye na sare siku hiyo hujikuta jikoni anafukuzana na moshi.

Basi tukaanza kupanga. Kupata vitu vya njano mwezi wa tano si kazi ndogo, kwa sababu maembe yameshapita. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, akasema wali utiwe bizari, na vitumbua navyo vitiwe kidogo. Mapapai yapo. Ndizi zipo. Mayai yachemshwe, yakatwe katikati ili kiini kionekane. Mtoto akauliza kuku atakuwaje wa njano. Bibi yake akamweleza kwamba akishaingia kwenye mchuzi atakuwa wa njano kuliko wote, na mtoto akaangua kilio, kwa sababu hakujua kwamba kuku mwenyewe ni yule wa uani. Tulicheka sana siku ile, hata mimi.

Lililonisumbua ni siku yenyewe.

Karatasi ya kuzaliwa ya mwanangu, ile tunayoiita sedula, inasema alizaliwa mwezi wa kwanza, nyumbani. Haisemi kweli. Alizaliwa mwezi wa tano, porini, njia ya kuelekea Nhica, siku ya tatu tangu tutoke kijijini mbio. Mama mkwe ndiye aliyenizalisha, na mtandio wake niliung'ata nisisikike. Tulipofika mahali pa usalama, wakaja watu wa kuandikisha watoto. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akasema wake alizaliwa porini. Wakamtoa pembeni. Pori gani? Ulikuwa na nani huko? Baba wa mtoto ni nani? Maana porini ndiko walikokaa wale waliotufukuza, na wanawake waliochukuliwa wakarudi na watoto walitazamwa kwa jicho lingine. Yule mwanamke aliulizwa mpaka foleni ikakaribia kwisha. Ilipofika zamu yangu nikasema: nyumbani, Januari. Karani akamtazama mwanangu, ambaye hakuwa ametimiza hata mwezi. Akamtazama tena, akaandika Januari.

Mume wangu alikasirika. Yeye ni mtu asiyejua kusema uongo. Muhogo wake ukiwa mchungu, atamwambia mnunuzi kabla hajaulizwa. Alisema nimemwibia mtoto siku yake. Mimi ndiye mwongo wa nyumba yetu, na mwanzoni sikuona aibu, niliona nimeokoa. Lakini kila mwezi wa tano ulipokuja nafsi ilinisuta. Kwa hiyo safari hii nikakubali sherehe ifanywe siku ya kweli. Nilijiambia, nani ataombwa karatasi ili apike wali?

Wakati ule kununua chakula kingi kulikuwa na maswali yake. Ukipita kwenye kizuizi cha barabarani na unga unaozidi nyumba yako, askari walitaka kujua unamlisha nani. Nilijua hilo, nikamwomba mume wangu anunue kidogo kidogo, kwa siku tatu. Lakini yeye hapendi kurudia njia. Siku moja kabla ya sherehe alikwenda mjini Palma asubuhi, akapakia kila kitu kwenye pikipiki kwa mara moja: mchele, unga, sukari, mafuta, katoni mbili za juisi ya nanasi, betri za redio, na kapulana kumi na moja za njano, zote sawasawa.

Kabla ya adhuhuri jirani yetu mmoja, anayebeba abiria kwa pikipiki, alisimama mlangoni bila kuzima injini. Alisema mume wangu ameshushwa kizuizini. Chakula wangeweza kukielewa, lakini kapulana hawakuzielewa. Walitaka kujua watu kumi na mmoja wa kuvaa nguo moja ni kikosi cha nani. Amewaambia ni siku ya kuzaliwa ya mtoto. Sasa wanataka sedula, na wanamtaka mama wa mtoto aje nayo mwenyewe.

Mama mkwe aliweka ungo pembeni, akaenda ndani akaitoa ile karatasi kwenye mkoba wake. Hajui kusoma, lakini anajua ipi ni ipi. Akaniambia nimwachie mtoto, nisimpeleke huko. Jirani akanipakia.

Njiani nilifikiri jambo moja tu. Wataona Januari, wataniuliza. Na mume wangu wameshamuuliza, amejibu nini? Ningelijua jibu lake ningesema hilo hilo. Nikapima huku na huku. Yeye hajawahi kumdanganya mtu, kwa hiyo bila shaka amesema ukweli: karatasi imekosewa, mtoto alizaliwa porini. Nikisema la kwangu, la Januari, tutakuwa na maneno mawili, na siku zile watu wa maneno mawili walipakiwa kwenye gari wakapelekwa kuhojiwa, na wengine tulichelewa sana kuwaona tena. Niliapa nitasema kweli, angalau mara moja maishani, ili nirudi naye nyumbani.

Mume wangu alikuwa amekaa chini ya kibanda cha makuti, ameambiwa atazame upande wa pili. Niliona mgongo tu, shati limemganda kwa jasho. Nilikatazwa kumsogelea. Vitu vyetu vilikuwa vimepangwa chini, na zile kapulana zimekunjuliwa moja moja juani.

Ofisa alikuwa kijana wa kusini, asiyejua Kiswahili. Kireno changu ni cha darasa la saba. Nasikia vizuri, lakini nikiogopa ulimi unakataa. Pembeni yake alisimama mkalimani, mtu wa makamo wa kikosi cha wenyeji, na kwa lafudhi yake nilijua ni wa upande wa Diaca. Ofisa akaisoma sedula. Akaisoma tena. Akauliza, na mkalimani akanigeuzia.

"Mtoto huyu alizaliwa Januari. Mbona festa yake mnaifanya mwezi wa tano?"

Nikasema yote, kwa Kiswahili, kabla woga haujanirudi. "Hakuzaliwa Januari. Nilidanganya mimi, baba yake hana kosa. Alizaliwa porini tukikimbia, mama mkwe ndiye aliyenizalisha, muulizeni. Niliogopa wale wa kuandika, ndiyo nikasema Januari."

Mkalimani alinitazama, muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, na nikajua nimeshatumaliza. Kisha akamgeukia ofisa, akasema kwa Kireno polepole, nami nikasikia kila neno. Alisema: huyu mama anasema Januari nyumbani hakukuwa na kitu, wakamwahidi mtoto kwamba watamfanyia festa baada ya mavuno, ndiyo maana ni sasa.

Sikuelewa anafanya nini. Ofisa akatikisa kichwa kukubali. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na jua, kwamba hivyo hivyo ndivyo alivyosema mume.

Hapo ndipo nilipoelewa: mkalimani alikuwa ameshamtafsiria mume wangu, akayarudia maneno yake badala ya yangu. Mume wangu, yule asiyejua uongo, alikuwa amesema uongo wangu na kuuongezea mavuno, ili mimi na mtoto tusije tukatolewa pembeni. Nami mwongo nilikuwa nimesema ukweli wake, ili aokoke yeye. Tungeangamia kwa kupendana, kama si mtu ambaye hata hatumjui.

Tuliachiwa. Kapulana zilibaki. Ofisa alisema watu wengi wa nguo moja wakionekana barabarani, askari wanaweza kupiga risasi kabla ya kuuliza, na sikumbishia, maana mimi mwenyewe ningewakimbia. Mume wangu aliisukuma pikipiki mpaka kizuizi kisionekane, ndipo akasimama. Akaniuliza nilijibu nini. Nikamwambia. Alikaa kando ya barabara juu ya mfuko wa mchele akalia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata kule porini.

Sherehe ilifanyika kesho yake mchana. Kila aliyekuja alikuja na njano yake: mtandio uliopauka, fulana ya mwanawe, kipande cha kitambaa kichwani. Mwanangu alikagua kila sahani, na alipoona mchicha akaagiza uondolewe. Watu wanasema ilikuwa sherehe nzuri. Mimi siwezi kuthibitisha. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo barabarani nilisogea uzioni kuitazama, maana sasa alikuwepo mtu nje ya nyumba yetu anayejua.

Naye akaja. Nilimwona amesimama penye uzio wa ua, hana bunduki, amevaa shati la kawaida. Nilimpakulia wali. Nilimpelekea mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaipokea sahani kwa mikono miwili. Alikula akiwa amesimama, akimtazama mtoto anavyowapanga wenzake kwenye mkeka. Nilitaka kumshukuru nikakosa pa kuanzia, kwa sababu kumshukuru ni kulitaja lile jambo, na pale palikuwa na masikio. Alipomaliza akanirudishia sahani.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mwakani fanyeni Januari."

Hakusema kwa kunitisha. Alisema kama ndugu anavyomwambia ndugu yake, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia zaidi. Aliondoka kabla ya keki. Baada ya hapo nimemwona mara mbili tatu sokoni Palma, na kila mara nimebadilisha njia. Najua ni utovu wa shukrani. Yule mtu alijitia hatarini kwa ajili yetu, na mimi namwogopa kuliko yeyote.

Mwaka huu tuliifanya Januari. Mtoto alifurahi, akasema mwaka umekwenda mbio, akaonyesha vidole vitano kwa kila mgeni. Baba yake alipiga makofi pamoja na wengine, akanitazama mara moja tu.

Kisha mwezi wa tano ukafika, na siku yenyewe ikafika. Mume wangu alikwenda shamba bila kunywa chai. Mama mkwe alimwogesha mtoto mwenyewe, akampaka mafuta polepole, mgongo na miguu, akamshikilia kifuani pake muda mrefu mpaka mtoto akaanza kujinasua. Mtoto akaja jikoni akaniuliza leo kuna nini.

Nikamwambia hakuna kitu.