Niachie Mbwa

Ngurumo ya kwanza ya Aprili ikisikika vilimani, hata kabla tone halijaanguka, mzee wa kizuizi hufunga lango pale barabara inapokatiza kijito bila daraja, kisha hukaa kwenye kiti cha kukunja, mbwa wawili miguuni. Verlene humwona kupitia dirisha la mkahawa wake: mikono mipana kama sepetu, kidole gumba kikikwaruza kikombe, macho kwenye nguzo ya kupimia maji. Hapa Texas kila mwenye pikapu hubeba mbwa wake, na huamini gari lake linaogelea, na lango lenyewe huzungukwa kwa kupita majanini. Mzee habishani na mtu. “Pita tu, bwana,” husema, kwa sauti ya muuza nyanya anayetaja bei. “Ila niachie mbwa.” Wengi hucheka, wakageuza.

Jumanne mvua ilikuwa inamwagika, na Verlene ndio kwanza anampa mzee kahawa, Kirby fundi bomba alipopiga honi, mbwa wake kando yake.

“Mzee, fungua! Gari hili limevuka hapa mara mia!”

“Gari nalijua. Niachie mbwa.”

“Mbwa wangu kakosa nini?”

“Hajakosa. Ndiyo maana.”

Kirby akaangua kicheko. “We mzee una vituko! Na hao wawili uliachiwa?”

Mzee akamkuna shingo yule wa kijivu, aliyekuwa amesimama tangu honi ilipolia.

“Huyu niliachiwa mwaka juzi,” akasema, kwa sauti ileile. “Pikapu ikisimama, lazima ainuke atazame kama dereva ni wake.”

Kirby akatia gia ya kurudi nyuma.