Kabula Hakuitika

Nilipokuwa mtoto pale Kwihara, Tabora, hapakuwa na wa kunizidi mbio, wala kombeo, wala mdomo. Shule hata sikuianza vizuri, lakini mdomo nilipewa wa watu saba. Haya ninayosema anayaandika binti yangu kwenye simu, na nimemwambia asipunguze kitu.

Mdogo wangu Kabula alikuwa kinyume changu. Mimi nikisema nimeua nyoka mrefu kama treni ya Mwanza, watoto wote wanacheka, yeye anatoka kwenda kumtafuta huyo nyoka, anarudi kaudhika: "Kaka, hayupo." Mgeni akiuliza, "Habari za nyumbani?" sisi wote tunajibu nzuri, hata kama tumelala njaa. Kabula anatoa habari za nyumbani kweli: "Baba na mama wamenuniana, na mbuzi anaharisha." Mama anatamani ardhi ipasuke. Shangazi, dada yake baba, alikuwa hacheki. Alisema yule mtoto ana mtu ndani yake.

Sasa, nyuma ya mashamba yetu inapita ile njia ya zamani ya misafara. Bibi, mama yake baba, alitukataza jambo moja tu kuhusu njia ile. Alisema wapagazi waliofia njiani bado wana mizigo mabegani, na jua likisimama utosini wanaita watu majina, wapate wa kuwapokea.

"Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Ukiitika, umeupokea mzigo."

Sote tukasema, ndiyo bibi. Hata hatujanyanyuka, mama akaita kutoka jikoni, tukaitika wote kwa mkupuo. Kabula kimya.

Kuanzia siku ile, ukitaka Kabula akujibu, nenda kasimame mbele yake. Mimi nililiona hilo mapema kwa sababu nina akili za kuzaliwa. Wakubwa waliona kiburi tu.

Mvua za kwanza zikanyesha, tukaenda porini na mama kuchuma uyoga, ng'ambo ya ile njia. Kabula akiingia porini anafuata vichuguu, kimoja hadi kingine, haruki hata kimoja. Mama kugeuka, mtoto hayupo. Akaita mpaka sauti ikakatika. Akakimbia nyumbani kuomba msaada, na jua wakati huo limeshafika utosini. Wakatoka watu elfu. (Kabula yuko hapa pembeni, anasema hawakuwa elfu. Haya, walikuwa wengi.) Pori zima likawa Kabula, Kabula, Kabula!

Nikapiga kelele, "Msimwite! Zungukeni tu, azione nyuso zenu!"

"Nyamaza wewe mwongo," shangazi akanifokea. "Saa hizi si za porojo zako."

Basi nikawaacha na makelele yao. Nikafuata vichuguu. Nikamkuta amekaa nyuma ya kichuguu kikubwa, kikapu mapajani, uyoga kaupanga kwa ukubwa. Nikazunguka mpaka mbele yake.

"Kabula."

"Abee, kaka."

"Hukusikia tunakuita?"

"Nimesikia. Mama ameita. Baba ameita. Shangazi ameita analia. Sikumwona mtu."

Machozi yalikuwa yamemkaukia mashavuni. Mtoto mdogo vile anamsikia mama yake upande wa pili wa kichuguu, anamtaka, na haitiki kwa sababu ameambiwa asiitike. Nimewaona wanaume wa migodini kule Nzega wakijisifu ushujaa. Ushujaa kama ule sijauona tena.

Nyumbani shangazi alikuwa ameshakata shauri. "Asiyemwitikia mama yake mzazi si mtoto wetu tena. Ameshatwishwa mzigo huyo. Kesho anapelekwa Bukene kwa mganga, akae hukohuko mpaka aliye ndani atoke."

Baba akainamisha kichwa, na mama akamkumbatia Kabula. Nikaona kabisa, kesho mdogo wangu anaondoka. Nikasimama mlangoni, nikatanua miguu kama askari wa Kijerumani. "Haendi mtu Bukene! Bibi, nani alisema tusiitike?"

Bibi akaweka chini kikombe chake cha uji.

"Ni mimi," akasema. "Na nyote mliniambia ndiyo bibi, mkaniacha na maneno yangu. Aliyenisikia ni huyu mmoja. Wapagazi wakija leo watawatwisha nyote, huyu watampita. Sasa anapelekwa kwa mganga kwa kosa gani? Kunitii?"

"Lakini mama..." shangazi akaanza.

"Wewe nimekuzaa mimi. Nimekukataza mangapi, ukashika lipi?"

Bibi akajisogeza mpaka uso kwa uso na Kabula. "Mjukuu wangu, nilikwambia nusu. Sasa nakwambia yote. Ukisikia sauti ya mama, ya baba, yangu, au ya kaka yako, itika hata kama humwoni."

"Na shangazi?"

"Shangazi atakufuata ulipo."

Bukene hakwenda. Leo ana shamba la karanga ambalo Kwihara nzima halina mfano. Juzi daktari mmoja kijana alinitajia jina la hali ya Kabula: usonji. Akasema watoto wadogo wa namna hiyo hulichukua neno lilivyo, na masihara na salamu zetu za mzunguko huwapita. Nikamwambia, daktari, hayo niliyajua kabla sijavaa viatu.

Wapo majirani ambao mpaka leo wanasema ana mtu ndani yake, na kwamba nimfundishe amwitikie kila anayepita, kama watu wengine. Simfundishi. Mwenye shida naye aingie ndani, asimame mbele yake, aseme anachotaka kwa maneno yaliyonyooka. Akishindwa, aende zake.

Bibi alikufa. Baba akafuata, kisha mama. Katika zile sauti ambazo Kabula huziitikia bila kuona uso, imebaki yangu peke yake. Natia chumvi kwa kila mtu Tabora hii, na sitaacha. Lakini nikisimama nje ya ua wake nikaita "Kabula!", ujue ni mimi kweli, na nimekuja kweli.

"Abee, kaka."