Nililiziba Lile Bovu

Mjukuu wangu alipotimiza miaka sita, muuguzi wa macho alikwenda shuleni kwao kupima watoto. Alimziba jicho la kulia kwa kadi. Mtoto akauliza, "Mbona herufi zimeondoka?"

Hospitalini daktari alisema jicho la kushoto ni vivu. Halina kidonda, ila ubongo umezoea kutumia lile zuri, hili umelisusa. Tiba ni miwani, na kuziba jicho zuri kwa muda wa saa mbili kila siku. Tusichelewe, maana kadiri mtoto anavyokua ndivyo jicho linavyokuwa gumu kufundishika.

Binti yangu huenda kazini alfajiri, kwa hiyo kazi ya kumbandika kibandiko cha jicho ilikuwa juu yangu. Nimeshona nguo za watu miaka arobaini na sijarudishiwa hata moja; akili yangu naiamini. Nikaliziba lile vivu. Mgonjwa hulazwa, hapewi jembe. Mtoto hakusumbua hata siku moja, nami nikawatambia majirani.

Baada ya wiki sita daktari alipima, akapima tena. "Bibi, mnaziba jicho lipi?"

"Lile bovu, baba. Lipumzike."

Binti yangu alijishika kichwa. "Mama, si nilikuandikia kwenye karatasi?"

"Niliisoma. Nikaona daktari kapitiwa."

Daktari hakucheka. "Bibi, cherehani ukiifunika mwaka mzima inakuwaje?"

"Inakwama."

"Basi ndiyo hivyo. Wiki sita zimekwenda bure."

Kwa kuwa jicho hilo hufuata ukoo, akanipima na mimi. Ninalo, la kushoto vilevile. Siku zote nilidhani kila mtu hutunga uzi kwenye sindano kwa jicho moja.

"Mtu mzima hupata nafuu kidogo, wengine hawapati," alisema. "Kujaribu hakukatazwi."

Nikaomba kibandiko changu.

Sasa mtoto nilimziba lile zuri. Alilia, akajigonga kabatini, akaniita bibi mbaya. Nikamwaga vifungo kwenye sinia, achambue vyeupe na vya rangi ya maziwa.

"Vyote sawa, bibi."

"Tazama tena."

Nami nikaziba jicho langu la kulia, nikakaa na sinia langu.

"Bibi unaiba, umechungulia."

"Chambua vyako."

Baada ya miezi minne, kwa daktari, alisoma mstari wa tano wa herufi kwa jicho la kushoto. Mimi nilibaki kwenye mstari wa tatu, palepale nilipoanzia.

Njiani akanishika mkono. "Pole, bibi. Wewe ulichelewa wiki nyingi."