Maiti wa Kampuni ya Baba Yao

Kampuni ya filamu ya jirani zetu ilianza na kamera ya marehemu baba yao, ile aliyokuwa akirekodia harusi. Sasa mtoto wa kiume ndiye mwongozaji, na dada yake mkubwa kazi yake ni kufa. Waigizaji wengine hawataki kuvishwa sanda, wanasema ni uchuro, basi kila filamu anavishwa yeye. Ameshazikwa Mkange mara mbili na Chalinze mara moja. Akiwa hai hatulii: anakunja kanga, anaikunjua, anafunua sufuria isiyochemka, na hata akikaa mguu unapigapiga sakafu. Majirani tunamtania kwamba hutulia akifa tu.

Jana walirekodi uani kwao, nikaenda kutazama na mwanangu mgongoni. Dada akalala mkekani, wakamfunika. Shuka likatikisika.

“Kata! Dada, maiti gani anashika tumbo?”

Wakarudia, mkono ukarudi palepale. Mara ya tatu mdogo wake akafoka, “Unaharibu kazi ya baba!”

Mimi nilikuwa naviangalia vile viganja viwili vilivyolikinga tumbo, nikaelewa. Miaka tisa ya ndoa, na dawa za kila aina.

Akajifunua, akaketi. “Tafuteni maiti mwingine. Huyu simvishi sanda kabla hajavaa nepi.”

Mwongozaji akawatazama waigizaji, kila mmoja akainama. Akavua viatu polepole, akajilaza mwenyewe mkekani. Dada akamfunika, akaenda kwenye kamera.

“Usipumue, mdogo wangu,” akasema.