Barua Niliyoisoma Nusu

Mwaka niliomaliza masomo ya jioni, Garissa nzima ilinijua. Basi, si nzima, lakini hata mbuzi wa sokoni walinipisha njia. Nyumbani kwetu mimi peke yangu nilijua kusoma, na hata maandishi ya kopo la maziwa yalinisubiri nirudi.

Kaka yangu mkubwa, dalali wa ngamia, macho yakamgeuka njano. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, tumbo likajaa maji, mikono ikabaki mifupa. Tabibu wa zahanati alimpapasa ubavuni, akaandika barua.

"Haya, profesa," kaka akaniambia, "karatasi inasemaje?"

Ilisema apelekwe Nairobi kwa mtaalamu wa ini, wiki hiyo hiyo, asingoje. Niliielewa yote. Lakini mama alikuwa amekwisha kumwita mzee wa Eldas anayetibu macho ya njano kwa moto. Mama akanitazama, akatikisa kichwa.

"Inasema uende Nairobi ukipata nafasi," nikajibu. "Hakuna haraka."

"Mashallah! Daktari huyu anajua nina mifugo ya kuuza."

Mzee akaja, akapasha kijiti moto, akamchoma kwenye vifundo vya mikono na chini ya mbavu. Kaka hakupepesa jicho. Akaagizwa siku arobaini za maziwa ya ngamia, bila dawa nyingine. Mimi ndiye niliyemshikia kikombe. Majirani wakiuliza, nilisema rangi imerudi, wiki ijayo atapigana mieleka na dume la ngamia. Wakacheka, naye akacheka. Macho yakazidi kuwa njano.

Wiki ya sita akatapika damu, ndipo tukampakia garini.

Daktari wa ini akaniuliza kwa upole, "Mbona mmechelewa hivi?"

Kaka, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha bei tu, akanivuta mkono. "Anauliza nini?"

Nikamwambia.

"Basi mjibu. Barua haikuwa na haraka."

Nikasema mara mbili, kwa Kiswahili kwa daktari na kwa Kisomali kwa kaka: barua ilisema wiki ile ile, na mimi niliificha.

Kaka akauachia mkono wangu. "Sasa umesoma," akasema.

Aliishi siku nne zaidi. Aliniomba maji, aliniomba nimgeuze ubavu, hakuitaja barua tena. Nami sikupata ujasiri wa kumwomba radhi mpaka alipokuwa hanisikii.